Kona ya Saba

Wamenipa fulana ya njano, kipenga na bendera mbili.
Kona yangu ni ya saba, pale barabara ya Mafiati
inapokunja kiuno kupanda Uhindini.
Wamesema: gari likikwama, inua ya njano.
Hawakusema masikio yangu niyaweke wapi.

Maana mimi nilikuwa utingo.
Miaka kumi na minne nyuma ya Fuso la viazi,
nikiijua gia kwa mlio,
nikijua injini inakohoa nini,
homa ya nozeli au kiu ya maji,
kabla dereva hajaona mshale ukitetemeka.
Haya yanakuja bila salamu.
Sss, kama chapati ikigusa kikaango,
na tayari yamepita.

La kumi na moja ni la Tusajigwe Mwasomola,
dereva wangu,
aliyeshusha tani saba kutoka Isyonje
kwenye ukungu ambao hata mbwa huupigia hodi,
mguu juu ya breki kama mkono juu ya mtoto mgonjwa.
"Usiumwage mlima, Lugano," alikuwa akiniambia.
"Mlima ni akiba."
Sikuelewa. Nilikuwa nawaza ugali.

Leo nimeelewa.
Haya magari, ukiyashika breki mteremkoni,
yanaunywa mteremko wenyewe.
Kushuka Kabwe kunarudisha
kidogo cha kilicholiwa na Sokomatola.
Vijana wanashuka kama waliofukuzwa,
breki dakika ya mwisho, matairi yanalia, vigelegele.
Yeye anashika mapema. Anachelewa. Wanamzomea.
Mama mwenye beseni la parachichi ananiuliza,
"Huyo kabeba mayai?"

Mzunguko wa kumi na tisa, umeme wa mtaa ukakatika.
Redio kimya. Mashine ya kusaga ikafa na mahindi kooni.
Kinyozi wa ng'ambo akatoka na mteja wake,
kichwa nusu kipara, nusu msitu,
wakasimama, shuka bado shingoni, wakautazama
umeme pekee uliobaki mjini
ukiwapita kwa kasi ya mia na sitini.
"Wangetuchomekea hata waya mmoja," akasema kinyozi.

Mzunguko wa mwisho.
Mbele ni la bluu, la kijana Ambakisye,
aliyeongoza tangu bendera ya kwanza.
Anaingia kwenye mlima wangu na sauti yake inapungua.
Nimesema sauti? Ilikuwepo.
Nimeijua ilipokuwa inakwisha,
uzi mwembamba, mbu anayeondoka chumbani.
Gari likazubaa. Likasimama.
Likaanza kurudi nyuma, au niliona hivyo.

Bendera niliinua? Sikumbuki.
Miguu ilishatangulia.
Nilikuwa nimeinama barabarani, jiwe mkononi,
la kutoka wapi sijui, Mbeya haikosi jiwe,
nikalisukumia nyuma ya gurudumu
la gari lenye bei ya mtaa mzima,
nikapiga bodi kwa kiganja, pa, pa:
tayari, dereva, imeshika.
Kijana akanitazama kupitia kioo cha kofia yake
kama mtu aliyeamshwa na mgeni.

Ndipo la kumi na moja likapita,
taratibu, na akiba yake ya mteremko.
Kidole kimoja kikainuka kwenye usukani,
kile kile cha Isyonje: panda, twende.
Sikuona pa kudandia.

Matokeo walitangaza kwa spika zisizo na umeme.
Mkuu wa makona kaniandikia karipio:
kaingia njiani, bendera chini.
Nimesaini.
Mteja wa kinyozi alirudi nyumbani na kofia ya kuazima.

Saa moja usiku umeme ukarudi,
mji mzima ukapiga yowe kwa furaha, kama kawaida yetu.
Taa zilinikuta katikati ya barabara, nimechuchumaa.
Alinifundisha na hili, zamani:
ukishapanda, usimwachie mwenzako jiwe lako njiani.
Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka.