Tundu la Tatu

Ghorofa ya saba, Rustavi, mwezi wa kumi na moja.
Baba amehamia kwangu na mifuko kumi na miwili
na baiskeli asiyotaka kusikia bei yake.
Sakafu imekwisha. Tumebaki na kuta.

Nimenunua ubao wa msonobari, mita mbili,
unene wa vidole viwili, nikaupiga randa jikoni
hadi maranda yakaelea kwenye supu.
Keekee ya umeme nimeazima kwa Tsiala wa chini,
kwa sharti moja: mwisho saa kumi,
mjukuu wake ana homa.

Baba kakalia ndoo iliyopinduliwa,
blanketi magotini, sigara kinywani, haina moto.
"Zege hilo," anasema, "sikulisikia kwa watu.
Nililimimina."

Miaka kumi na tisa kiwandani,
kuta zikitoka kwenye kalibu kama mikate,
dirisha limeshaachiwa nafasi yake, mlango yake,
zikipanda lori, zikisimamishwa kwa winchi,
na watu wakihamia na makochi rangi haijakauka.
Ndiyo maana hanishauri. Ananiarifu.

"Washa nyundo yake. Isiyogonga haitoboi.
Na usiikandamize! Iache ile yenyewe,
wewe ishike kama mkono wa mtoto barabarani."

Tundu la kwanza linakubali.
Nimefunga utepe mwekundu kwenye ncha
nijue kina, sentimita saba, basi.
Napuliza kwa mrija wa soda, macho nimefumba,
vumbi lote lanirudia usoni.
Baba anacheka hadi kikohozi kinamnyang'anya kicheko.

La pili:
ncha inatumbukia, nami nusura niifuate.
Mle ndani hamna kitu.
Namulika tochi, napinda waya, navuta,
kinatoka kipande cha mfuko wa saruji, kikavu,
herufi zake bado zinasomeka.

Namtazama baba. Baba anautazama Mtkvari dirishani.

"Ilikuwa mwisho wa mwezi," anasema baadaye.
"Hesabu ya kuta haijatimia,
na saruji nusu imeshaota miguu,
imekwenda kujenga majumba ya wakubwa."
Anaigeuza sigara upande wa pili wa mdomo.
"Na chumba cha nyuma. Chako."

Chumba changu.
Kile tulichouza mwezi jana pamoja na mzabibu wake,
kilichonikinga theluji miaka kumi na sita.
Nimesimama na keekee mkononi inapoa,
namtafuta wa kumkasirikia,
simpati.

Nasogea kiganja kimoja kushoto, tundu la tatu.
Sauti inabadilika, kali, ya chuma, cheche mbili,
ncha inacheza mahali pamoja, haiendi mbele.
"Nondo!" Baba kainuka, blanketi chini, ndoo inabiringika,
uso unamng'aa kama aliyemwona rafiki
akishuka kwenye treni.
"Umeiona? Umeiona? Hiyo tuliiweka!"

Bomba la maji linagongwa kutoka chini, mara mbili.
Saa kumi na robo.

Kwa hiyo matundu yaliyobaki nayatoboa mbio, kwa aibu,
naingiza vizibo vya plastiki kwa kisigino cha nyundo,
parafujo sita, ndefu kama kidole cha shahada,
nazikaza hadi ubao unaguna ukutani.
Kiputo cha pimamaji kimeegemea kulia kidogo.
Baba anasema jengo ndilo limepinda.

Kabla ya baiskeli naning'inia mimi,
kilo sitini na nane na viatu vyangu,
miguu nimeikunja juu ya mifuko yake.
Ubao unalia mara moja, kisha unanyamaza.

Tundu la pili bado liko wazi.
Nina jasi kwenye kopo, nimeshaikoroga,
lakini baba amekaa tena kwenye ndoo na kisu cha jikoni,
anachonga kigingi kutoka kwenye kipande kilichobaki.
Nisubiri, anasema.
Pale atatundika kitu chepesi.
Kofia ya mama, labda, ile ya sufu.
Jasi inaanza kuganda.