Sidiria ya Zamani

Duka la Bogumiła, mjini Łódź, lina kioo kimoja
na hita inayonguruma kama paka mzee.
Nimevua sweta. Nimepungua kilo kumi na tisa
tangu daktari aliponitisha na sukari,
na kila mtu kanipongeza kwa kiuno.
Hakuna aliyeniuliza habari za hawa wawili.

Walikuwa wazito. Kamba zilinichimba mabegani
mifereji miwili, mpaka leo haijajaa.
Walimnyonyesha Radek, kisha Olga,
wakavimba, wakanywea, wakavimba tena.
Sasa wamelala, soksi zilizovuliwa usiku,
na sidiria ya zamani ina nafasi
ya kutia tufaha zima kila upande.

Bogumiła ananizungushia futi, vidole baridi.
"Inama, bibie. Watie wote humo, kisha simama."
Natii. Nasimama.

Sijarudi usichana. Usinidanganye, kioo.
Ila mgongo umenyamaza,
mgongo uliolalamika miaka thelathini,
na ngazi za kwenda kituo cha tramu
nazishuka mbiombio, mkono mmoja kwenye reli;
ule mwingine, uliozoea kuwashika,
haujui ukae wapi.