Kizimba cha Kumi na Tisa

Jua la Turku, mwezi wa Januari, halina haraka:
saa tatu imegonga na mto Aura bado ni giza lililoganda.
Navaa glavu mbili, barakoa, kofia, viatu vya karatasi,
napepetwa na upepo wa mashine kama pumba kwenye ungo,
ndipo naruhusiwa kuwapa panya maji.

Si kwamba wao ni wachafu. Mchafu ni mimi.
Walizaliwa bila askari hata mmoja damuni;
chafya yangu ingefyeka rafu nzima.

Ndani ya utupu huo Daktari Lindqvist alipanda watu:
tone la uboho, seli shina laki moja,
na chini ya utando wa figo akashona
kipande cha tezi kisichozidi punje ya mtama.
Anakiita shule.
Humo seli changa hufundishwa somo moja,
huyu wetu, huyu si wetu,
na anayekosea hasubiri ripoti: hufia darasani.

Lakini kuna watoro.
Wanaruka ukuta na silaha zao na ujinga wao,
wanafika kwenye kongosho,
wanabisha hodi nyumbani kwa ndugu
na kuichoma.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Panya hana nguo.

Jana nilisoma kadi ya kizimba cha kumi na tisa.
Majina hayaandikwi, ndiyo sheria.
Mfadhili: mwanamke, miaka arobaini na mmoja,
sukari tangu utotoni.
Na tarehe. Alhamisi ile ya theluji,
hospitalini ng'ambo ya barabara,
nilipolala kifudifudi, sindano ikazama nyongani,
na muuguzi Tellervo akinisimulia mbwa wake alivyokula soksi.

Nilimshika mkia, nikatoboa, nikakamua
tone dogo kuliko kichwa cha siafu.
Kipimo kikafikiri.
Ishirini na mbili.
Akanitazama kwa macho mekundu.
"Nisamehe," nikasema,
nisijue ninamwomba nani.

"Aune, vipi kumi na tisa?" daktari aliuliza ukumbini.
"Wamefika."
Akafurahi. Ana haki ya kufurahi;
miaka sita amekuwa akiusubiri moto huo
auone unavyoanza.

Mapumzikoni nilivua glavu, ya kwanza, ya pili,
nikatoboa kidole changu.
Saba nukta moja.
Nikapaka siagi mkate mweusi
na kuumega kipande kidogo, kidogo mno,
kisha nikakaa nacho mkononi.