Alhamisi au Baada ya Krismasi

Ilikata pumzi kwenye kona ya Carrazedo,
pale barabara inapoinama kabla ya daraja.
Kwanza kelele, kama kijiko ndani ya blenda,
kisha kishindo kimoja,
kisha kimya, na oili ikichora mstari mweusi
juu ya majani ya mialoni.

Niliisukuma kilomita nne,
mkoba wa dawa begani, glavu zimelowa,
na kila nilipopumzika nilijikuta nimeweka mkono juu ya tangi
kama ninavyompima mgonjwa homa.

Adérito hakusema kitu. Alifungua nati tisa,
ya kumi ikakataa, akaitukana kwa jina la mjomba wake,
ikakubali.
Akachungulia kwa tochi.
"Deolinda, tia kidole hapa."
Kidole kikapita.
Konrodi ilikatika ikatoboa ganda la injini,
tundu la ukubwa wa sarafu ya euro mbili,
kingo zimebinukia nje
kama kitu kilichotaka kutoka kwa miaka mingi.

Akaandika hesabu nyuma ya kalenda ya duka la mbolea.
Kuifufua: kulehemu ganda, kranki, beringi,
kuchonga silinda, pistoni ya saizi inayofuata
(kuna mzee Águeda anayeficha spea kama dhahabu):
mia saba arobaini. Baada ya Krismasi. Pengine.
Kubadili: injini ya Kichina, ndani ya boksi,
mia tatu tisini. Alhamisi.
Ile "pengine" aliiandika pia.

Nikasema yangu ni ya asili, ya kiwandani.
Akacheka, si kwa ubaya.
Pistoni niliitia mimi, mwaka ule mvua ya mawe ilipokula zabibu.
Silinda ni ya pikipiki ya padri.
Kabureta uliinunua mwenyewe, mnadani Chaves, ukapunjwa.
"Cha asili kilichobaki ni ganda.
Na ganda ndilo lililotoboka."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimenuna.

Usiku nikapiga hesabu nyingine, ambayo Adérito hana:
Palmira, mguu wa kushoto, bendeji kila siku ya pili.
Hermínio, insulini; macho yake hayaoni tena alama za bomba la sindano.
Dada wawili wa Paradela wasiosemeshana,
kila mmoja huniuliza presha ya mwenzake.
Hakuna hata mmoja wao wa kungoja mzee wa Águeda.

Alhamisi.
Ilikuwa safi hadi nikaona haya kuikanyaga kwa viatu vya matope.
Iliwaka mara moja. Hakuna kubembeleza,
hakuna kuvuta choki na kumtaja Mungu.
Kipya kinyemi, wanasema, ingawa kidonda.
Mimi vidonda navijua, ndiyo kazi yangu.
Nilipanda kilima chote nikisubiri kinyemi;
kilichokuja ni upepo, na njuga za kondoo,
ambazo sikujua kuwa ziko njia ile.

Mlangoni kwa Palmira hapakuwa na mtu.
Miaka kumi na tisa amenisikia tangu darajani:
nikifika, maji yamechemka, soksi imevuliwa,
mguu uko juu ya stuli.
Leo nilibisha. Nikabisha tena.
Akafungua na kisu cha viazi mkononi.
"Nilidhani ni wale wauza umeme wa jua."
Akachungulia nyuma yangu.
"Ile imekufa?"
Sikumjibu vizuri. Nilisema, imepumzika,
neno ambalo kazini nakataza watu kulitumia.

Jioni nikapita karakana.
Ganda liko chini ya benchi, juu ya gazeti, bado linadondosha.
"Mnunuzi wa chuma chakavu hupita Jumatatu," akasema Adérito. "Kwa kilo."
Nikamwuliza: kulehemu tundu tu,
bila kranki, bila pistoni, ni kiasi gani?
Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji.
"Tundu tu?"
Tundu tu.