Sahani ya Nane

Aune havai glavu akivunja barafu bakulini;
chuma, asema, kimeshamzoea.
Maziwa ya ng'ombe wa kwanza, bado yana mvuke,
na vichwa vya samaki wa jana.

Wanashuka kutoka juu ya majani makavu,
mikia wima, shukrani hakuna.
Saba.
Anahesabu tena. Saba.

Yule chongo, aliyemparura mwezi Juni
alipompeleka kuhasiwa,
hajaonekana tangu theluji ya Jumanne.

"Paka wa nje ana njia zake," asema Taisto,
akipangusa buti.
Aune hajibu. Sahani ya nane
anaiacha kando ya trekta, penye joto la injini.

Asubuhi mlango wa ghala uko wazi,
upana wa kichwa cha paka tu.
Na komeo, miaka yote,
ni kazi ya Taisto.