Bidoni Mbili na Jagi

Dukani kwa Papa Lwaboshi, chini kidogo ya soko la Kadutu,
mashine zimepangwa kama maharusi wa kukodi:
nyeupe, kimya, kila moja na jicho lake la kioo.
Ile kubwa anaipiga kofi ubavuni kama muuza ng'ombe.
"Hii imepitia Dubai, Mama Cito. Kilo kumi na mbili!
Mablanketi, mapazia, unafunika, unasahau."

Mimi siulizi inabeba nini.
Nauliza inakunywa nini.

Anacheka. Anazunguka nyuma yake kutafuta karatasi,
anapangusa vumbi kwa kidole chenye mate.
Lita mia moja na thelathini, kila ikifua.
Namwomba kalamu, naandika kiganjani,
maana kwetu mlimani lita ni neno la dukani;
maji yetu yanahesabiwa kwa bidoni, ya manjano, ya ishirini.
Bidoni sita na nusu.
Na ngazi mia na kumi na mbili toka bombani hadi mlangoni:
nimezihesabu kwa miguu ya Nsimire,
mtoto wa marehemu dada yangu,
ambaye nilimwahidi mbele ya beseni,
sabuni imeshamla kucha:
zamu yangu ya likelemba ikifika, utapumzika.

Sasa nitampumzishaje?
Nimtoe mikono ndani ya povu
nimtwike povu lenyewe shingoni?
Mashine haina miguu.
Itapanda mlima kwa miguu ya mtu.

"Na ile?"
Ile ya pembeni, kimo cha mbuzi,
yenye karatasi ya rangi tumboni,
kijani juu, nyekundu chini, herufi kama ngazi.
Papa Lwaboshi anakunja pua.
Ile ni ghali, nayo inabeba kilo sita tu,
nguo zinagaagaa ndani ya maji kiduchu
kama mtu anayeoga kwa kikombe.

Ndivyo tunavyooga, namwambia.

Lita arobaini na mbili.
Bidoni mbili na jagi.

Fundi aliyekuwa kimya mlangoni, waya shingoni,
ndiye anayenifungulia habari ya kuranti:
kinachokula si kuzunguka, Mama, ni kuchemsha.
Ukiacha kitufe hiki kwenye baridi,
kashipawa yako haitalia.
Naiona ukutani kwetu, namba zake zinavyoshuka
pasi ikichomekwa tu,
kama damu ya mtu aliyejikata bila kujua.

Tofauti ya bei ni dola themanini.
Nazitazama muda mrefu, zimekunjwa, zina joto la kifua changu.
Zilikuwa za bati la jikoni.
Basi. Jiko litavuja mwaka mwingine,
nami nitaweka sufuria chini ya tundu.
Hayo nayo ni maji.

Usiku wa Jumatano kuranti inarudi saa nane.
Nani amemwamsha nani, sijui.
Tumejaa sebuleni na vitenge vya kulalia
tukitazama kioo kama watu wa msibani wanaongoja habari:
mashati ya shule yanapanda, yanaanguka,
yanapanda, na soksi moja imepotea njia.
Maji ya kusuuza tunayakinga kwa beseni lilelile la zamani,
ya choo, ya sakafu, ya viatu vya Cito vyenye tope.
Nsimire amekalia bidoni tupu.
Mikono yake iko mapajani, haijui ifanye nini.

Kisha, katikati ya kukamua, giza.

Ngoma inazunguka bado kidogo, kwa kiburi tu,
halafu inasimama.
Mwanga wa simu unaonyesha shati moja
limebandika mkono wake kwenye kioo.
"Zimebaki dakika kumi na tatu," anasema Nsimire.
Kumbe alikuwa anazihesabu.
Nangoja ainuke, akunje mikono ya nguo, afungue mlango,
akamue mwenyewe kama alivyozoea.

Anaegemeza kichwa ukutani.
Anangoja, amekaa.