Swali kwa Fundi Cirhuza

Fundi, sikuja kununua. Nimekuja kuuliza.
Uzi wa tatu unalia kama bawaba kavu,
na samaki wangu wawili,
ndani ya sanduku la vioo vya dirisha,
hawapandi tena kula.

Umeme ukikatika Kadutu pampu hunyamaza;
basi nakoroga maji kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ukipapasa gitaa gizani.
Nabintu anasema: chagua kimoja.

Aliinusa chupa ya maji niliyomletea,
akaligonga gitaa kwa ukucha.
“Maji, unamwaga yote?”
Yote.
“Nyuzi?”
Zote, siku moja.
“Acha cha jana kidogo, kimpokee mgeni.”
Akarudia redio yake.

Usiku huu: uzi mmoja mpya, nusu ndoo.
Umeme umekatika.
Tunasubiri, sisi watatu.